Aliyemwona ng'ombe wetu ni yule asiyemjua

Atukuzwe Mungu aliyetupa macho mawili, na akijua yatashindwa, akatuongezea mikono ya kupapasa. Namshukuru kwa kuniamsha leo, kwa uji wangu, na kwa mvua iliyonyesha jana huku kwetu Rombo.

Wakuu, tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu Waislamu, hasa wale wa mtaa wa Majengo niliokaa nao vizuri miaka mingi, asalaam aleikum. Kama humu kuna aliyenizidi umri, shikamoo. Wengine wote nawapa marahaba kabisa, msije mkasahau.

Ninaandika kwa kidole kimoja, nivumilieni.

Haya nitakayoyaeleza niliyaona mwenyewe, na moja la aibu nililifanya mwenyewe. Katika umri huu sina faida ya kudanganya. Siku yangu ya kujibu iko karibu kuliko yenu.

Juzi nilisoma uzi wa kijana mmoja humu. Alisema alitafuta kopo la chumvi kabatini mpaka akakasirika, mkewe akaja akalichukua huku anaongea na simu, wala hakugeuza shingo. Wengi mlimcheka. Mmoja akamwandikia kuwa macho ya wanaume ni ya mapambo.

Mimi sikucheka. Nilimkumbuka ng'ombe wetu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatutawala. Mimi nilikuwa kijana wa kutosha kuoa, ila nilikuwa kwanza najifunza ukatekista misheni. Jina langu la ubatizo ni Melkiori. Baba alikuwa amefariki. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama yangu Verediana, kwenye kihamba chetu cha migomba na kahawa kidogo, juu ya Tarakea.

Sasa niwaeleze wale msiojua mambo ya huku.

Ng'ombe wa Mchagga wa wakati ule hakuwa na malisho. Alizaliwa ndani ya nyumba, akala ndani, akazeeka ndani. Nyumba ni msonge wa majani, hauna dirisha, moto uko katikati. Upande mmoja mnalala ninyi, upande wa pili amefungwa ng'ombe kwenye kigingi. Wanawake ndio waliomlisha. Mama alikuwa anateremka nyikani na wenzake kukata majani, anapanda mlima na mzigo kichwani, halafu bado anakata shina la mgomba vipande vipande amwongezee.

Ukimtazama ng'ombe mle ndani ulikuwa unaona pua, na jicho moja lenye moto wa mafiga ndani yake. Basi.

Yule wetu aliitwa Tulia. Hakupewa jina hilo na mtu. Mama alikuwa akimkamua anamwambia tulia, tulia, mwisho ikawa ndilo jina lake.

Na ninaposema wetu, nisamehewe. Hakuwa wetu. Alikuwa wa Meku Aloisi. Meku ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima. Alikuwa binamu wa marehemu baba, na alimwekesha mama ng'ombe baada ya mazishi ili mjane asikose maziwa wala samadi ya migomba. Tulia alizaliwa na ng'ombe yule, mlemle ndani gizani, na mama ndiye aliyempokea. Mama yake Tulia alipozeeka akachinjwa, Tulia akabaki kwenye kigingi kilekile.

Kuwekesha ng'ombe kulikuwa na sheria zake, na mbili nitazitaja kwa sababu zina kazi mbele.

Ya kwanza, Meku Aloisi hakuweka alama kwenye ng'ombe wake. Alikuwa nao katika nyumba nyingi na hakupenda watu wajue ni wangapi.

Ya pili ndiyo nzito. Ng'ombe wa watu akifia kwako, unampelekea mwenyewe ngozi na nyama, naye anajua Mungu amechukua. Akitoweka bila ngozi, wewe umemla. Hakuna neno la katikati.

Meku Aloisi alikuwa anapita jioni moja moja, anainama kwenye mlango wetu mfupi, anapapasa mgongo wa Tulia gizani, anasema, "Ananenepa." Halafu anakaa, anapewa mbege, pombe yetu ya ndizi.

Sasa siku moja tarishi wa Mangi, mtawala wetu wa Kichagga, akapita mitaani akitangaza kuwa ng'ombe wote wateremshwe uwandani kwa Bwana Mifugo, wadungwe sindano ya ugonjwa. Wote. Hata wale ambao hawajawahi kuliona jua.

Wakuu, mngeiona asubuhi ile. Kila nyumba inamtoa ng'ombe wake kama bibi arusi. Wanatoka wamefumba macho, wanajikwaa, wengine wanapiga magoti mlangoni na kugoma. Tulia alitoka amepakaa samadi kavu ubavu mzima wa kulia, imemganda kama plasta, maana ndio ubavu aliolalia ukutani maisha yake yote. Mama aliona aibu akasema angekuwa amemwosha. Nikamwambia haendi harusini.

Tulimfunga kamba ya magome ya mgomba. Mimi mbele, mama nyuma. Tulifika uwandani jua limeshakuwa kali.

Huko chini walikuwapo na Wamasai wamewaleta wa kwao. Makundi makubwa. Vumbi, kelele, ng'ombe wanaingizwa kwenye uchochoro wa miti mmoja mmoja. Tulia alidungwa salama. Tulipokuwa tunamtoa, wingu lililokuwa limekaa upande wa kilele cha Mawenzi likapiga radi moja kavu.

Ng'ombe wa Wamasai walitikisa masikio tu. Wa kwetu walichanganyikiwa. Tulia aliruka, kamba ikakatika mkononi mwangu, akaingia katikati ya kundi kubwa mbele yetu kama mtu anavyoingia mtoni. Mvua ikaja na nguvu zake.

Ilipokatika, majirani wengi walikuwa wameshawashika wa kwao. Makundi yalikuwa yametawanyika kila upande. Mimi nilibaki na kipande cha kamba.

Jioni ile mama hakulia. Alikaa upande wa ng'ombe, akakata mgomba vipande kama kawaida yake, halafu akagundua anachofanya, akaweka kisu chini.

Kesho yake tulikwenda kumwambia Meku Aloisi wenyewe, kabla hajaambiwa na watu. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa haki, naomba mlielewe hilo.

Akasema, "Verediana, sisemi umemla. Nauliza ngozi iko wapi."

Mama akasema, "Ngozi inatembea, Meku. Iko juu yake."

"Basi ifuateni. Nitangoja mpaka Jumapili ijayo baada ya hii. Ikipita, itabidi nipeleke shauri kwa Mangi, maana nikinyamaza kwako, na wengine watasema wamepotelewa."

Hapo mjue kilichokuwa mezani. Mjane akishaitwa mla ng'ombe wa watu, hakuna atakayemwekesha hata kuku. Hana maziwa, hana samadi, migomba inadhoofika. Na jina lile halimwachi. Hata mimi katekista mtarajiwa ningesimama mbele ya watu kufundisha amri ya saba, usiibe, nao wangetazamana.

Tukaanza kutafuta.

Na hapo ndipo nilipogundua jambo la ajabu. Kila tuliyemuuliza nyikani alituuliza kwanza, "Wa rangi gani?"

Mimi nilijibu, "Mweusi."

Mama akajibu palepale, "Mwekundu."

Tukatazamana.

"Mama, yule ng'ombe ni mweusi."

"Melkiori, nimemkamua tangu alipozaa mara ya kwanza. Ni mwekundu."

"Ule ni wekundu wa moto."

"Na weusi wako ni wa nini? Wa moshi?"

Mchunga mbuzi mmoja tuliyemuuliza alicheka mpaka akakaa chini. Akatuambia, "Nendeni nyumbani mkakubaliane, halafu mrudi."

Lakini wakuu, hatukuwa wajinga. Tuliishi naye chumba kimoja. Mama alijua akikohoa ni kwa sababu gani. Mimi nilijua akihema vile mvua iko njiani. Kumjua tulimjua. Ila tulimjua gizani, na sasa alikuwa amepotelea kwenye mwanga. Ile siku ya sindano, zaidi ya ile samadi, sikumtazama hata kidogo. Mimi nilitazama kamba na mawe ya njiani, mama alitazama kwato zisiteleze. Nani anamtazama ng'ombe wake mwenyewe?

Siku zikapita. Siku ya kumi, mama alikwenda soko la Tarakea na mkungu mmoja wa ndizi. Akarudi anakimbia, mtu mzima. Mwanamke mwenzake anayewauzia ndizi Wamasai alimwambia kuna mzee wa Kimasai anaitwa Koinet amepeleka neno sokoni: katika kundi lake amelala mgeni, mwenyewe aje.

Kesho yake, Ijumaa, tuliondoka na nyota ya asubuhi. Jumapili ya Meku Aloisi ilikuwa kesho kutwa.

Tulimkuta Mzee Koinet karibu na maji, amesimama mguu mmoja ameegemea fimbo, ng'ombe wake wametapakaa mbele yake. Zaidi ya themanini. Alikuwa mrefu, jicho moja lina ukungu kidogo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kama chetu wote, kila mtu alikipinda kwa lugha ya mama yake.

Tulimsalimia, tukampa ndizi tulizobeba, tukaeleza. Mimi nikadhani atanyoosha fimbo tu atuonyeshe.

Akasema, "Mchagueni."

Nikamgeukia mama.

"Wamekuja watatu kabla yenu," akasema. "Wote wamelia hapa. Mmoja alisema wake ni jike lenye mimba, akanionyesha dume. Sasa mimi sionyeshi mtu. Mwenye ng'ombe anamjua ng'ombe wake. Ingia, mtoe, nenda naye kwa amani."

Alikuwa na haki. Angefanyaje?

Nikaingia kundini.

Nataka niwaeleze vizuri nilivyotafuta, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika.

Mwanzo niliona ng'ombe mmoja amerudiwa mara themanini. Pembe, nundu, mkia, pembe, nundu, mkia. Hakuna aliyekuwa wetu. Nilimtazama kila mmoja tangu kichwa mpaka kwato, nikimaliza sijui nilianzia wapi. Wengine niliwatazama mara tatu, wengine labda sikuwatazama kabisa. Wanasogea, wanabadilishana nafasi.

Halafu jua lilipopanda, jambo likageuka. Kila ng'ombe akaanza kufanana na Tulia. Huyu macho yake. Huyu anavyohema. Huyu, huyu kabisa.

Nikasimama kwa mmoja wa rangi ya kahawa iliyokaangwa, mpole, aliyenitazama kama ananijua. Nikajiambia ndiye. Hakika ile, leo nakiri, haikutoka kwenye macho. Ilitoka kwenye uchovu, na kwenye Jumapili iliyokuwa inakuja.

Nikamwita mzee. "Huyu hapa."

"Una hakika?"

Nikashika rozari iliyokuwa shingoni mwangu. Nikasema, "Haki ya Mungu, huyu ndiye."

Mzee Koinet hakucheka. Alitoa sauti moja ya kooni, na yule ng'ombe akainua kichwa, akaniacha, akamfuata, akamlamba mkono.

"Huyu nilimvuta tumboni kwa mama yake kwa mikono hii," akasema. "Mama yake yule pale anakunywa maji." Akaitazama rozari yangu. "Kijana, umemvaa Mungu shingoni, halafu unamtuma kwenye uongo?"

Wakuu, mpaka leo nikiikumbuka ile sentensi masikio yananiwaka moto. Na haikuwa hata uongo wa mwizi. Niliamini. Lakini niliapia kitu ambacho sikukiona.

Nilijua tumekwisha. Sasa sisi tulikuwa wa nne.

Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe muda wote ule, hakuingia kundini. Akainuka, akafunga kanga yake vizuri, akamwendea mzee.

Akasema, "Mzee wangu, msamehe mwanangu. Anaogopa kwa ajili yangu. Na mimi sitaingia kuchagua, kwa sababu simjui."

Nikamshika mkono, "Mama."

Akautoa mkono wake. "Simjui kwa macho. Kwetu ng'ombe anakaa ndani, gizani. Sijawahi kumwona mchana ila siku ile moja aliyopotea. Ukinipa wote hawa niwatazame mpaka jioni, nitadanganya kama mwanangu. Lakini naweza kukuambia mkono wangu unachokijua."

Mzee akasema, "Sema."

Mama akafumba macho. Akanyoosha mikono mbele yake, pale hewani, kama yuko nyumbani anakamua.

"Chuchu ya nyuma, kushoto, ni fupi kuliko nyingine, inatoa maziwa pembeni. Chini ya sikio la kulia kuna kivimbe, kinakimbia ukikibonyeza, kama punje ya kahawa ndani ya ganda lake. Pembe ya kushoto, chini kabisa, ina mfereji. Kamba imeila miaka mingi. Kidole changu kidogo kinaingia mle."

Akafumbua macho. "Hayo tu ndiyo ninayoyajua."

Mzee Koinet akageuka, akaingia kundini.

Hakutafuta, wakuu. Hakutazama kulia wala kushoto. Aliwapita ng'ombe wake kama unavyopita sebuleni kwako kwenda kuzima taa, akaenda moja kwa moja mpaka kwa ng'ombe mmoja wa rangi ya majivu upande wa mbali. Si mweusi, si mwekundu. Wa majivu, tena ana baka jeupe ubavuni kulia, kubwa kama ungo. Mimi yule nilimpita mara nne. Nilimruka makusudi, maana nilijua hatuna ng'ombe mwenye baka.

Akabonyeza chini ya sikio. Akainama akatazama kiwele. Akaweka kidole kwenye pembe.

Akaita, "Mama, njoo."

Mama alikwenda. Hakumtazama. Aliweka tu mkono juu ya shingo yake na kusema, "Tulia."

Yule ng'ombe akaachia pumzi ndefu, ileile ya kila jioni.

Mimi nilikaa chini.

Baadaye, tukinywa maziwa kivulini, nilimuuliza mzee. "Wewe umekaa naye siku kumi na moja tu, na jicho lako moja lina ukungu. Sisi tumekaa naye miaka. Umemwonaje?"

Akanijibu kama mtu anayejibu swali la mtoto, kwa upole. "Mimi sikumtafuta huyu. Mimi nawajua hawa. Jioni nikisimama kuwatazama, jicho linapita, linapita, linapita, halafu linajikwaa. Pale linapojikwaa, pana mgeni. Tangu jioni ya kwanza lilijikwaa."

Akaongeza, "Wewe ulikuwa unamtafuta mmoja katika wote usiowajua. Utachoka."

Tulimwombea baraka, akatutemea mate kidogo mikononi, ambayo ndiyo baraka ya kwao, tukaondoka. Tulimpandisha Tulia polepole, anapumzika kila penye kijito, tukalala njiani kwa shangazi. Tulifika Jumamosi mchana.

Mnadhani yaliishia hapo? Na mimi nilidhani.

Meku Aloisi alikuwa amekaa uani kwetu na majirani wawili. Alisikia tunakuja. Akainuka kwa furaha, akamzunguka Tulia. Akafika ubavu wa kulia, akasimama.

Uso wake ukabadilika. "Huyu siye."

Mama akasema, "Ni yeye, Meku."

"Verediana. Mimi ng'ombe wangu hana baka. Mmepewa ng'ombe wa Kimasai, au mmemchukua, sijui. Msinitie kwenye shauri la damu na Wamasai."

Majirani wakatazama chini. Nikataka kusema. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, na mkono uko kwenye rozari. Nikakumbuka. Nikauteremsha mkono.

Mama hakubishana wala hakuapa. Mwanamke yule, Mungu amlaze pema, alikuwa amejifunza safari ile haraka kuliko mimi. Alimfungua Tulia kamba, akasimama pembeni ya mlango.

Tulia akainamisha kichwa, akaingia ndani peke yake.

Tukamsikia anazunguka upande wa kigingi chake. Tukamsikia anashuka, goti moja, goti la pili, na ubavu wa kulia unakwaruza ukutani. Halafu ile pumzi ndefu.

Mama akasema, "Meku, karibu ndani."

Meku Aloisi aliinama, akaingia. Nje majirani wameshika videvu. Mimi nasali kimoyomoyo, bila kuahidi wala kuapa kitu.

Halafu sauti yake ikatoka gizani, ya chini, kama anasema na mgonjwa. "Amekonda."

Alipotoka alikuwa na samadi mkononi na hakuifuta. Akasema mbele ya wale majirani wawili, kwa sauti ya kusikika, "Ni yeye. Nimemjua. Mle ndani baka halipo." Akamgeukia mama. "Nisamehe, mama Melkiori. Nimemkana ng'ombe wangu mwenyewe juani."

Mama akamwambia, "Sote tumemkana, Meku. Mimi nilimwita mwekundu."

"Basi lete mbege tuimeze aibu."

"Mbege ya lini, Meku? Nilikuwa napika saa ngapi na mimi nilikuwa natafuta ngozi yako?"

Akacheka mpaka akakohoa. Mbege ikatoka kwa jirani.

Lile baka, kama mnauliza, lilikuwapo siku zote chini ya samadi. Mvua za nyikani na majani marefu ndivyo vilivyomwosha. Mama alisema huenda aliliona usiku ule alipozaliwa, akadhani ni povu la uzazi.

Kiapo changu nilikipeleka kitubio Jumapili ile. Padre alinipa sala, halafu akaniagiza nirudi kwa Mzee Koinet na mkungu wa ndizi nikamwombe radhi. Nilikwenda. Alicheka sana, akanifundisha majina ya ng'ombe wake saba. Nilipowajua wale saba, nikaona kundi lile limepungua ukubwa. Kumbe hata wale nisiowajua nao walianza kuachana, kila mmoja na sura yake.

Miaka mingi baadaye nimekuwa katekista, nimefundisha watoto mfano wa kondoo aliyepotea mara ambazo siwezi kuhesabu. Sote tunahubiri juu ya yule mmoja. Mimi nilikuwa nawauliza watoto swali hili: mchungaji alijuaje kuwa mmoja hayupo?

Walikuwa wanasema alihesabu.

Nami nawaambia, hapana wanangu. Aliwajua wale tisini na tisa.

Basi kijana wa chumvi, mdogo wangu, haya ndiyo nimekuletea. Mkeo hana macho ya ajabu. Yeye analijua kabati lote, sukari iko wapi, majani ya chai yako wapi, kwa hiyo kilicho tofauti kinamjia chenyewe. Wewe unaijua chumvi peke yake, tena unaijua ikiwa mezani. Ingia jikoni umsaidie mwezi mmoja, halafu uje utupe majibu humu.

Na wengine wote, kama kuna mtu unayeishi naye nyumba moja na unadhani unamjua, mtoe nje siku moja umtazame kwenye mwanga. Huenda ana baka jeupe ubavuni na hujawahi kuliona. Na ukiulizwa kitu usichokiona, sema sijaona. Mama yangu aliokoka kwa neno hilo.

Nawaomba na ninyi mwandike. Nani alishawahi kupitwa na kitu chake mwenyewe mbele ya macho? Na hasa mliokulia nyumba za ng'ombe wa ndani, mjitokeze, maana tumebaki wachache. Nitasoma yote, polepole, kwa miwani.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki, akulindie macho yako na mikono yako. Na siku utakapopotea katikati ya wengi, akuone mara moja, kwa kuwa Yeye anawajua wote. Amina.